Nilivyomfungulia Kapteni Divai ya Mgoa

Nimesema uongo mwingi maishani, uongo wa kawaida wa shuleni, ule unaochapwa viboko vitatu na mambo yakaisha. Uongo uliotaka kutunyang'anya nyumba niliusema mezani, mbele ya sahani ya maharage, na hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nilisema, "Mimi najua kufungua divai."

Majina siandiki. Anayekaa Kampala anajua sababu, na asiyekaa Kampala aendelee kusoma tu.

Baba yangu ni sajini katika bendi ya polisi. Anapuliza lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu kiunoni kama chatu aliyeshiba. Tulikuwa tukikaa kambini, watu saba katika kibanda cha bati cha mviringo. Mtu ambaye hajaishi kwenye kibanda cha mviringo hajui thamani ya kona. Kitanda hakiegemei popote, kabati haliegemei popote, na ukigombana na mdogo wako huna pa kwenda kununa, maana kununa kunataka kona. Usiku tulilala tumepangwa kama vipande vya chungwa, miguu yote katikati.

Kisha Wahindi wakaambiwa waondoke nchini, wakaondoka, na nyumba zao zikaanza kugawiwa. Siku moja ya ugawaji bendi ilikuwa imesimama juani ikipiga tangu asubuhi. Mkubwa mmoja, ambaye muziki ulikuwa umemwingia vizuri, akawanyoshea kidole wapigaji watatu akasema, na hawa pia wapewe. Ndivyo tulivyopata nyumba chini kidogo ya kanisa kuu la Lubaga: vyumba vitatu, bomba ndani, na kona nyingi hata wadogo zangu wanne wakawa wananuna bila sababu, kwa raha tu. Lakini hatukupewa karatasi. Tulipewa kwa kidole, na tatizo la nyumba ya kidole ni kwamba kila mkubwa ana vidole kumi.

Aliyekaa humo kabla yetu alikuwa Mgoa, yaani Mhindi wa Goa, karani wa serikali, Mkatoliki kama sisi. Aliondoka na masanduku yake na mke wake na watoto wake, lakini katika stoo ndogo karibu na jikoni aliacha chupa kumi na moja za divai, zimelazwa ubavu kama askari waliotoka zamu. Nyingine zilikuwa na mwaka ulioandikwa kwenye karatasi ya ubavuni, na mwaka huo ulikuwa mkubwa kwangu. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na kitu kingine kilichonizidi umri, ukiacha wazazi na viatu vya Baba.

Mama alizisimamisha zote siku ya kwanza. "Hakuna kitu nalala mchana ndani ya nyumba yangu," alisema. Halafu akakataza ziguswe. Kila chupa ilikuwa na kikaratasi kimefungwa shingoni kwa uzi, na mwandiko wa penseli, safi, wa mtu aliyezoea mafaili. Krismasi. Jubilei yetu. Mtoto akifaulu. Mbili ziliandikwa: Arusi ya binti. Mama alisema mwenyewe anaweza kurudi. Baba akasema harudi. Mama akasema basi anaweza kutuma mtu. Zikakaa hivyo, zimesimama wima, zaidi ya mwaka.

Sasa turudi kwenye maharage. Jioni hiyo Baba aliingia, akaweka tarumbeta chini, lakini kofia hakuivua. Mama akaiangalia ile kofia.

"Kapteni anakuja Jumapili," Baba akasema.

"Kapteni gani?"

"Wa nyumba. Anayetia sahihi."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kuangalia."

Mama aliketi. Sote tulijua maana ya kuangalia. Mwenzake Baba, mpiga ngoma kubwa, ambaye naye alinyoshewa kidole siku ile ile, aliangaliwa nyumba yake Jumamosi, na Jumatatu alikuwa akiishi kwa mashemeji huko Ggaba, kwa wavuvi wa ziwani, ananuka samaki kwenye gwaride. Kapteni huyu akitia sahihi tunakaa. Akiipenda nyumba mwenyewe, tunarudi kwenye duara.

"Anakula nini?" Mama akauliza.

"Anakula kila kitu. Kunywa, wanasema ni waini tu. Alisomea Ulaya miezi sita."

Macho yote yakaenda kwenye mlango wa stoo. Na mimi, nikiwa na kijiko mdomoni, nikasema maneno yale.

Nijitetee kidogo. Kidato cha pili nilikuwa nimefeli hesabu na fizikia, kwa hiyo nilikuwa natafuta somo langu. Na kwa miaka minne nilikuwa nimetumikia misa pale juu Lubaga. Kazi yangu ilikuwa kubeba vichupa viwili, cha maji na cha divai, kuvipeleka altareni kwa uso wa mtakatifu, na baada ya misa kuvirudisha sakristia. Katika kichupa cha divai kulikuwa kunabaki kama vijiko viwili. Nilivinywa nyuma ya kabati la mavazi. Ukijumlisha miaka minne, nilikuwa nimekunywa chupa kadhaa, kwa awamu. Sasa niambie katika nyumba ile nani mwingine alikuwa na ujuzi huo.

"Padri anafungua vipi?" Mama akauliza.

"Taratibu," nikasema. "Kwa heshima."

Ukweli ni kwamba sijawahi kuona chupa ya divai ikifunguliwa. Mzee wa sakristia huzifungua kabla sijafika. Ningeweza kumwuliza, ni mtu mpole. Lakini mtaalamu haulizi.

Jumamosi nilifanya mazoezi kwenye chupa ya Krismasi. Kizibuo cha divai Kampala nzima mwaka ule ungekitafuta kwa nani? Watu walikuwa wanapanga foleni ya chumvi na sukari. Nikachukua skrubu ya mlango, nikaisokota ndani ya kizibo, nikaishika kwa koleo ya Baba, nikaweka chupa katikati ya magoti, nikavuta. Kizibo kilikuwa kimezeeka, kikakatika katikati kama mandazi ya juzi. Nusu ikatoka, nusu ikabaki. Nikaisukuma ile nusu kwa mpini wa mwiko. Haikwenda. Nikasukuma kwa nguvu zote za kidato cha tatu. Ikaenda, na divai ikaja juu yote kwa pamoja, ikapita sikio langu, ikapiga ukuta wa stoo kuanzia kichwani mwangu hadi sakafuni.

Mama akafungua mlango. Mimi na shati jeupe la shule, tumeloa wekundu mtupu.

"Umechinja nani?" akauliza.

Baba alikuwa nyuma yake. Alikwenda kwanza kufunga dirisha la jikoni, ndipo akarudi kutazama. Mwaka ule hata utani ulikuwa unafungiwa dirisha.

Nikawaeleza kwamba hivyo ndivyo divai nzuri inavyofanya, inaruka. Wakaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba waliniamini. Nikamimina iliyobaki kwenye bakuli, na hapo nikaona kitu kipya. Ya juu ilikuwa nyepesi, inapitisha mwanga. Ya chini ilikuwa nzito, nyeusi, kama uji wa mtama uliosahauliwa. Nikamwonyesha Mama.

Mama ni mtu wa Arua, na amepika kwete tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Kwete ni pombe ya nafaka, na nguvu yake yote iko chini. Kwete isiyokorogwa ni maji. Ukimpa mgeni ile ya juu, inayong'aa, umemtukana: maana yake nzito umejiwekea mwenyewe, utainywa akishaondoka. Nimeona mjomba wangu akiacha kusalimiana na jirani miaka miwili kwa sababu ya kibuyu kimoja kisichokorogwa.

"Hii ndiyo chakula yake," Mama akasema, akiangalia lile tope kwa heshima. "Hiyo ya juu ni maji yake tu."

"Hata mimi nilikuwa nataka kusema hivyo," nikasema.

"Basi kesho utikise vizuri."

"Nitatikisa mbele yake, aone."

Nilidhani jambo hilo ni la akili sana. Vile vipande vya kizibo vilivyokuwa vinaelea nilitaka kuvichuja kwa chujio la chai, lakini Mama akasema kinywaji cha kuchujwa ni cha wagonjwa.

Asubuhi ya Jumapili nilitumikia misa ya kwanza kwa ibada ambayo haikuwahi kuonekana. Nyumbani nikaanza kusugua ukuta wa stoo. Sabuni haikuwepo, nikatumia maji na majivu, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Doa halikutoka. Lilipanuka, likageuka rangi ya kijivu iliyochanganyika na zambarau, na ukuta ukawa unatoa machozi. Nikafunga mlango.

Kisha nikachagua chupa. Nikachukua moja ya zile za arusi.

"Hiyo ya binti ya wenyewe," Mama akasema.

"Binti mwenyewe yuko ng'ambo, Mama. Divai haiwezi kumfuata huko."

"Na ungekuwa na dada mkubwa, ungesema hivyo?"

Nikamrudishia chupa. Mama akafungua ule uzi taratibu, akakunja kikaratasi, akakiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Halafu akanipa chupa.

Kapteni alifika saa saba, amevaa suti ya kaunda, amenyoa vizuri, ananukia. Hakuwa mtu wa kutisha kwa kumtazama. Alimsalimia Mama vizuri, akawauliza wadogo zangu madarasa yao. Halafu akaanza kuangalia nyumba. Alifungua bomba, akalifunga. Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Akasimama katikati ya sebule, akahesabu madirisha kwa midomo.

"Sajini, hii nyumba iko mzuri," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Iko kubwa kwa mtu ya tarumbeta."

"Tarumbeta yenyewe kubwa, afande," nikasema mimi.

Baba akanitazama. Kapteni akacheka kidogo, akaendelea kuhesabu. "Gari mbili naweza kukaa pale nje," akasema, kama mtu anayeongea na mke wake.

Tukaketi mezani. Kulikuwa na samaki wa Ggaba, kuku, na matoke yaliyofunikwa na majani yake. Nikanawisha mikono ya wakubwa, kisha nikatoka na divai. Nilikuwa nimejipanga kama kanisani: kitambaa kwenye mkono wa kushoto, macho chini, hatua fupi. Kizibo cha chupa hii nacho kilikatika, na nusu yake nilikuwa nimeshaisukumia ndani jikoni, kwa ustadi safari hii, na aliyelowa alikuwa kuku tu. Mgoa aliacha pia glasi za miguu myembamba, ambazo Mama alikuwa akioteshea vitunguu. Tuliosha moja.

Nikafika mbele ya Kapteni, nikainama kama mbele ya altare. Nikaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Nikaitikisa. Sikuitikisa kidogo. Niliitikisa kama dawa ya kikohozi, juu, chini, kushoto, kulia, huku nikimwangalia usoni ili aone kwamba katika nyumba hii hafichwi kitu.

"Huyu kijana nafanya nini?" Kapteni akamwuliza Baba.

"Anatumikia misa, afande. Anajua mambo ya waini."

"Huko Ulaya hawakutikisa."

"Huko walikuwa wanakupa ya juu, afande," nikasema. "Sisi tunakupa yote."

Nikamimina. Ilitoka kama maji ya mfereji baada ya mvua, na ndani yake vipande vya kizibo vikizunguka. Kapteni akainua glasi kwenye mwanga. Mwanga haukupita. Nadhani angekuwa mtu asiyesafiri angeiweka chini, lakini alikuwa amesomea Ulaya miezi sita, na wote mezani tulikuwa tunamwangalia mtu aliyesomea Ulaya. Akanywa. Akasogeza ulimi, akatoa kitu kwenye meno, akakiweka pembeni ya sahani.

"Hii nini? Mti?"

"Gome, afande," nikasema. "Ndiyo dawa yake."

Akanywa tena, kidogo, uso umekunjamana. Mama alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza kwa mikono miwili. Baba alikuwa ameacha kutafuna. Na mimi nikaelewa kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama pale na kitambaa mkononi kama mjinga wa maonyesho, kwamba sijui lolote. Sijui hata kidogo. Nimechukua nyumba ya watu saba nikaitia kwenye chupa, nikaitikisa.

"Waini hii nakufa," Kapteni akasema mwishowe. "Ilikuwa nakaa wapi?"

"Kwa stoo, afande," Baba akajibu.

"Nionyeshe."

Sitasahau hatua zile kutoka mezani hadi stoo. Baba akafungua mlango. Kapteni akaona chupa tisa zimesimama. Kisha akaona ukuta. Doa lilikuwa limeanzia juu, limeshuka hadi chini, na lilikuwa bado linatoa maji. Akaweka kiganja, akakitoa, akakinusa.

"Mimi nilisikia huko Ulaya," akasema, na sauti yake ikapata nguvu, maana sasa alikuwa amerudi kwenye mambo anayoyajua. "Waini haitaki maji kwa ukuta. Inaoza. Inakuwa matope. Hii nyumba iko na maji ndani. Kutoka chini ya mlima."

Nilifungua mdomo. Namshukuru Mungu kwamba nina mdomo mkubwa, kwa sababu ulichukua muda kufunguka. Nilitaka kusema, hapana afande, ni mimi nimeosha asubuhi. Nilitaka kuiokoa sifa ya divai na nyumba kwa pamoja, mtaalamu mpaka mwisho. Baba akanikanyaga mguu kwa kiatu cha gwaride, akakibakisha pale pale.

Kisha Baba akakohoa.

Mjue kwamba mtu huyu anapuliza tarumbeta ile masaa manne juani bila kupumzika. Mapafu yake si ya kiraia. Kikohozi kilianzia mbali, kikapanda, kikatikisa glasi mezani. Kapteni akarudi nyuma hatua mbili.

"Samahani, afande," Baba akasema. "Ni kifua. Tangu tuhamie."

"Wote?"

"Wote, afande."

Wadogo zangu, ambao hakuna aliyewahi kuwafunza kitu wakashika, walishika hiki papo hapo. Kule mezani wakaanza, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa miaka mitatu akakohoa hadi akacheua samaki. Mama peke yake hakukohoa. Mama alikuwa anauangalia ukuta wake.

Kapteni hakumaliza kuku. Akiwa mlangoni alimwambia Baba kwamba yeye ana seti mpya ya makochi ya velveti na gramafoni, hawezi kuviingiza ndani ya maji. "Lakini hii iko nyumba mzuri," akasema. "Nitapita tena. Ikikauka, tutaongea."

Jumapili iliyofuata nilimwuliza mzee wa sakristia, kwa mzunguko, kana kwamba ni swali la rafiki. Ni Muganda mzee, na Kiswahili anakitumia kwangu kwa huruma tu.

"Waini ya zamani?" akasema. "Nasimamisha siku mbili. Nafungua pole pole, kizibo isivunjike. Namimina pole pole sana, mkono usitetemeke. Ikifika matope, naacha. Matope namwaga."

"Na ukitikisa?"

"Nani alitikisa?"

"Rafiki."

"Hiyo rafiki," akasema, "asifike karibu na altare yangu." Na tangu siku hiyo divai anaipima kwa tone, vichupa vinarudi sakristia vikiwa vikavu kabisa.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, ina muhuri. Baba aliisoma amesimama, kofia mkononi. Ilisema kwamba nyumba tajwa imekaguliwa, imeonekana ina unyevu, haifai kwa afisa, na kwa sababu hiyo sajini aendelee kukaa humo mpaka hapo itakapokauka. Baba aliirudia mara mbili. Wadogo zangu wakakimbilia kila mmoja kwenye kona yake. Mama akasema, "Wameandika kwa mashine kwamba nyumba yangu inaoza. Na muhuri wameweka." Alikuwa anasugua kuta zile kila Jumamosi tangu tuhamie. Hakunisemesha siku nne, na aliponisemesha alisema, "Kachukue ndoo."

Kwa sababu ndiyo kazi yangu sasa. Kapteni ana shangazi yake upande wa pili wa mlima, na mara mbili tayari amesimamisha gari mbele ya lango, akaingia, akanyosha mkono stooni, akagusa, akasikitika, akaenda. Kwa hiyo kila siku nikitoka shule, kabla ya kuvua sare, namwagia ukuta kopo sita za maji, kuanzia juu. Kiangazi, kumi. Mwezi huu ukuta umeanza kuota kitu cha kijani, kina manyoya, na juzi nimeona uyoga mdogo karibu na sakafu. Usiku yule wa miaka mitatu ameanza kukohoa kweli, kwa hiyo tumemhamishia chumba cha mbele.

Baba akirudi kutoka bendi anaweka tarumbeta chini, anakwenda stooni bila kuwasha taa, nasikia kiganja chake ukutani.

"Leo umemwagia ngapi?" ananiuliza.

"Sita."

"Ongeza mbili," anasema, na anavua kofia.